Viwango vya zamani vya BoT: wauza machungwa wa Muheza mpo?

Kwa yeyote anayepitisha mzigo Horohoro, mpakani kwenda Kenya, iwe machungwa ya Muheza, nazi au mbao, ukurasa wa viwango vya kubadilisha fedha kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT) naupa nyota nne. Wengi wanaingia pale kuangalia dola ya leo wanatoka, hawajui kuna sehemu ya viwango vya nyuma, unatafuta shilingi ya Kenya na tarehe unayoitaka, unapata bei ya kununua, ya kuuza na wastani. Bure kabisa.

Umuhimu wake unauona ukiuza mali kauli. Mteja wa Mombasa kabeba Fuso zima la machungwa, mmeandikiana kwa hela ya Kenya, analipa baada ya miezi kadhaa. Sasa cheki kilichotokea: mwanzoni mwa 2023 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 19 za kwetu, ikashuka taratibu mwaka mzima, Januari 2024 dola ikafika kwenye 160 kule Nairobi na shilingi yao ikawa chini ya 16 za kwetu. Yaani laki moja ya Kenya iliyokuwa inakupa kama milioni 1.9 ikawa inakupa chini ya milioni 1.6, na machungwa ni yaleyale, shamba lilelile, vibarua walewale umeshawalipa kwa madafu, yaani shilingi yetu. Halafu Februari Kenya ikapata mkopo mpya wa kununua sehemu kubwa ya ile Eurobond (hati za deni la nje) ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni, wasiwasi ukapungua, hela yao ikapanda kwa kasi ya ajabu, mwisho wa Machi imesharudi kwenye 19. Aliyelipwa Januari na aliyelipwa Machi kwa deni lileile hawajapata kitu kimoja kabisa!

Ndo maana nikifungua mstari wa Kenya nafungua na wa dola pembeni, kwa sababu hizi shilingi mbili kwa kawaida bei yake inapatikana kupitia dola, ukiona Kenya imeshuka inabidi ujue ni yao imelegea au ni yetu imekaza. Mwaka 2023 yetu nayo ilikuwa inashuka kwa dola, ila yao ilikuwa inashuka zaidi, hilo huwezi kuliona kwenye mstari mmoja.

Ushauri wangu mkiandikiana na tajiri wa upande wa pili, wekeni kabisa kwamba hesabu itafuata wastani wa BoT wa tarehe fulani, ya kupakia au ya kulipa, mkubaliane moja. Yeye akitaka kuhakiki ana Benki Kuu ya Kenya, nao wanaandika shilingi moja yao ni ngapi zetu, mnalinganisha mezani bila kugombana.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu mbili. Jumamosi na Jumapili soko limefungwa, kwa hiyo mzigo ukipita wikendi inabidi mshike kiwango cha Ijumaa, andikeni na hilo. Pili, ile wastani sio hela utakayoshikishwa mkononi, byuro na wabadilishaji wa mpakani wana bei zao, na ukiwa na mzigo wa hela nyingi tofauti ya nusu shilingi tu inauma. Hesabu deni kwa jedwali, lakini faida yako ihesabu kwa bei ya kununua ya pale unapobadilishia kweli.

Wazee wetu wa Tanga hii shida hawakuwa nayo, shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja pande zote, mpaka BoT ilipofungua milango 14 Juni 1966 na Kenya nao wakatoa yao Septemba mwaka huohuo, na mwanzoni bado shilingi moja yao ilikuwa sawa na moja yetu. Baadaye mpaka wetu na Kenya ukafungwa 1977 hadi 1983, 1986 dola ikapandishwa kutoka shilingi 17 hivi za kwetu kwenda 40, na mwaka 2000 ya Kenya ilishafika kama 10 za kwetu. Mwenye daftari za biashara za miaka hiyo asizitupe, akae na kijana mwenye ekseli waziweke kwa dola kwanza, ataona mwaka gani duka lilikuwa linapata faida kweli na mwaka gani ilikuwa ni noti tu zimeongezeka.