PICO9918 ndani ya TI-99/4A: je, chipu hii mpya ya picha inafaa?

Habari zenu, watazamaji wangu. Hii hapa mezani ni TI-99/4A, kompyuta ya nyumbani ya Texas Instruments ya mwaka 1981, na hiki kibao chenye pini 40 ni PICO9918. Kinakaa mahali pa chipu ya picha iliyotoka kiwandani, TMS9918A, na kuipa mashine hii picha ya VGA, ile ya kuunganishwa na skrini za kompyuta. Nawaambia mapema: nimekipenda. Ila kilichonifurahisha zaidi hakionekani kwenye skrini, kwa hiyo tuanze na mashine yenyewe.

Prosesa yake, TMS9900, ni ya biti 16 na inakwenda kwa megahezi 3, enzi ambazo kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa za biti 8. Ukisikia hivyo unategemea mashine yenye kasi kweli kweli. Sasa sikiliza kumbukumbu ambayo prosesa hiyo inaifikia moja kwa moja: baiti 256. Baiti, si kilobaiti. Zile kilobaiti 16 walizokuwa wakizitangaza ziko nyuma ya chipu ya picha. Ukiandika programu yako ya BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyomo ndani ya mashine, mistari yote inakaa huko, na prosesa ikitaka kusoma chochote inaipa kwanza chipu ya picha anwani, tena kwa vipande viwili, ndipo isome. Ni sawa na kuhifadhi unga wako jikoni kwa jirani: kila ukitaka kusonga ugali, unabisha hodi.

Umeona sasa uzito wa jambo lenyewe? Anayebadilisha chipu ya picha kwenye mashine hii anabadilisha na ghala la programu. Kibao kikikosea kujibu kwa wakati, haiharibiki picha peke yake, inaharibika na kazi uliyoandika. Na kuna la pili. Chipu hiyo hiyo ndiyo inayotoa mapigo ya saa yanayoitwa GROMCLK, na mapigo hayo ndiyo yanayoziendesha chipu za GROM, yaani kumbukumbu za kusomwa tu, zilizobeba BASIC. Yakikosekana, unabaki unatazama skrini tupu.

Kwa hiyo sikuanza na michezo. Nilianza na programu ndefu ya BASIC, nikaiendesha, nikaiorodhesha, nikaihariri, nikaiendesha tena. Haikudondosha hata herufi moja. Hilo ndilo lililonishawishi.

Ndani ya kibao kuna RP2040, chipu ile ile ya Raspberry Pi Pico iliyotoka Uingereza mwaka 2021 kwa bei ya dola 4. Ina kori mbili na kilobaiti 264 za kumbukumbu, kwa hiyo zile kilobaiti 16 zinaenea humo bila shida. Pembeni yake zimewekwa chipu ndogo za kubadilisha viwango vya umeme, maana TI inaongea kwa volti 5 na RP2040 kwa volti 3.3, ukiziunganisha moja kwa moja unaiua. Aliyebuni ni mhandisi wa Australia, na michoro pamoja na programu ameiachia wazi kwa wote. Mwenye mkono mzuri wa lehemu anaweza kujitengenezea chake, na programu ya ndani ikipata toleo jipya unaiingiza kwa waya wa USB.

Tukifunge. Chomoa umeme kwanza. Kitufe cha kuwashia kivute kitoke, geuza mashine, fungua skrubu za chini, kisha ondoa ngao ya bati inayofunika bodi. Hapa juu ya chipu utaona udongo mweupe: huo ni uji wa kupitisha joto, kwa sababu chipu ya zamani inachemka kwelikweli na ile bati ndiyo inayoipoza. Ufute kwa pamba na spiriti. Kwenye mashine yangu chipu imekaa kwenye soketi, kwa hiyo nimeingiza bisibisi bapa nyembamba upande huu, nikainyanyua kidogo, nikahamia upande wa pili, nikarudi. Usiing'oe kwa upande mmoja, pini zitapinda. Ukikuta yako imelehemiwa kwenye bodi, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kunyonya lehemu.

Sogezeni macho hapa. Chipu ina kijipengo upande mmoja, na soketi ina chake. Kibao kina alama ya pini ya kwanza. Hizo zikae upande mmoja, halafu bonyeza taratibu kwa vidole viwili gumba hadi usikie kimezama. Waya wa VGA unatokea nyuma. Mimi sikutoboa kasha, waya nimeupitisha kwenye uwazi uliokuwepo, na ninashauri nanyi msitoboe. Makasha haya hayatengenezwi tena.

Zile chipu 8 za kumbukumbu, 4116, zinabaki kwenye bodi bila kazi. Ukitaka kupunguza joto unaweza kuziondoa, lakini ukifanya hivyo huwezi tena kurudisha chipu ya zamani. Mimi nimeziacha.

Haya, picha. Naiwasha. Ile skrini ya mwanzo yenye milia ya rangi juu na chini, ramani ya jimbo la Texas katikati, na maneno yake ya kukukaribisha ubonyeze kitufe chochote. Kwenye TV ya chogo, kupitia waya wa kawaida wa video, milia hii inavujiana rangi, na herufi nyeusi kwenye samawati zina ukungu pembeni. Hapa kila mlia una mwisho wake. Sababu ni kwamba mashine inachora nukta 256 kwa 192, na kibao kinazidisha mara mbili kila upande, kuwa 512 kwa 384, ndani ya VGA ya 640 kwa 480. Hakuna nukta inayonyooshwa nusu nusu. Zinazobaki ni kingo, na kingo hizo zinachukua rangi ya nyuma kama ilivyokuwa zamani. Ingia kwenye BASIC, andika mistari miwili, mwambie RUN: ile samawati inageuka kijani hafifu papo hapo. Rangi 15 zile zile, ila safari hii naziona zote.

Kwa michezo nimeweka katriji ya Parsec, mchezo wa kurusha chombo cha angani. Ule mlima unaoteleza chini ya chombo unatumia uchoraji wa nukta kwa nukta, uwezo ulioletwa na herufi A ya mwisho kwenye jina TMS9918A. TI-99/4 ya mwaka 1979 haikuwa nao. Unateleza vizuri, hakuna kukwama.

Kuna suala la spraiti, yaani vile vipicha vidogo vinavyotembea juu ya skrini, kama vyombo na maadui. Chipu ya asili inaonyesha spraiti 4 tu kwenye mstari mmoja wa skrini. Ya 5 haionekani, na ndiyo maana michezo mingi inapepesa. Kibao kinaweza kuondoa kikomo hicho. Msikimbilie kukiondoa. Wapo waandishi wa michezo waliokitumia makusudi, wakipanga spraiti tupu mbele ili kuficha nyingine. Ukifungua kikomo, kilichofichwa kinatokea. Mimi nimekiacha kwenye 4, nakifungua kwa mchezo ninaoujua.

Kinaweza pia maandishi ya safu 80, yaani herufi 80 kwa mstari, na sehemu kubwa ya nyongeza za F18A, kile kibao cha awali kilichojengwa kwa FPGA, chipu inayopangwa upya kuiga nyingine, ambacho wapenzi wa TI wamekitegemea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nyongeza hizo zinahitaji programu zilizoandikwa kwa ajili yake. Kama unacho F18A kinachofanya kazi, sioni haja ya kukibadilisha.

Sasa mapungufu. VGA haibebi sauti. Sauti bado inatoka kwenye tundu la zamani la video, kwa hiyo unahitaji waya wa kuitoa pale hadi kwenye spika. La pili linawahusu wenye mashine za Ulaya. Hizo zina TMS9929A inayochora mara 50 kwa sekunde, na kibao hiki kwenye VGA kinachora mara 60. Mchezo unaohesabu muda kwa picha utakwenda kasi zaidi kwa asilimia 20, na muziki wake vilevile. Uliyezoea mwendo wa zamani utausikia mara moja, na kwa mtu wa namna hiyo singekishauri.

Na nyinyi mlioko Dar, Mombasa au Nairobi mnaotaka kuagiza TI kutoka Marekani: transfoma yake ni ya volti 120. Tafuteni ya kushushia umeme kabla hamjaichomeka ukutani.

Uamuzi wangu: kama unaitumia TI yako kwa kweli, unaandika, unacheza, na huna tena TV inayoipokea vizuri, kinunue. Kama chipu yako iko kwenye soketi, hakuna utakachokata wala kulehemu, na jioni moja ukitaka unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Kama TV yako ya chogo bado nzima na unaipenda ile picha laini, hela yako iweke.

Chipu uliyoitoa usiitupe. Ichomeke kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umeme tuli, uandike tarehe. Familia hii ya chipu ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za kwanza za aina ya MSX na kwenye SG-1000, mashine ya michezo ya Sega, na aliyekwama na mojawapo ya hizo anaitafuta.