Geji ya hewa na mafuta kwenye Forester yangu: nilichokosea na nilichobaki nacho

Gari yangu ni Subaru Forester ya mwaka 2000, ile SF5 yenye injini EJ205 na turbo. Inalala Dar es Salaam, lakini mtihani wake uko Kitonga, kwa kuwa mama yuko Iringa na kila mwezi au miezi miwili lazima nipande mlima ule. Mwaka jana ikaanza kuishiwa nguvu katikati ya mlima. Unakanyaga mafuta, turbo inaingia, gari inavuta sekunde chache, kisha inakuwa kama imeshikwa kwa nyuma. Taa ya injini haiwaki. Ukiipima kwa kompyuta haionyeshi kosa lolote. Fundi mmoja alibadilisha plagi, mwingine akaosha nozeli, hali ikabaki ile ile.

Injini hizi zina udhaifu ambao kila mwenye Subaru ya turbo ameusikia: mchanganyiko ukipungukiwa mafuta wakati turbo inasukuma, pistoni inavunjika pale ringi zinapokaa. Sikutaka kuendelea kubahatisha. Nilitaka kuona namba ya uwiano wa hewa na mafuta nikiwa kwenye usukani.

Geji ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Ina taa za kijani, njano na nyekundu zinazozunguka, na inaunganishwa kwenye waya wa sensa ya oksijeni ya gari lenyewe. Inapendeza usiku. Kwa kazi niliyoitaka haina msaada, na naomba nieleze sababu kwa sababu wengi bado wanazinunua. Sensa ya kawaida ya gari za umri huu, ambayo mafundi huiita narobendi, hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9, na volti hiyo huruka ghafla pale uwiano unapopita 14.7, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inahitaji tu kujua kama mafuta yamezidi au yamepungua kuvuka alama hiyo. Zile taa kuchezacheza ukiwa kwenye silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, si ubovu. Ni kontrol boksi inaongeza na kupunguza mafuta. Lakini usalama wa turbo unaamuliwa huko chini, kati ya 11 na 13 (namba ikishuka, mafuta yameongezeka), na huko sensa hii haitofautishi kitu. Nilipanda Kitonga taa inaonyesha "mafuta mengi" huku gari inakufa nguvu.

Ndipo nikaamua kununua waidibendi, geji yenye sensa inayosoma uwiano wenyewe kwa namba. Nilibaki na mbili za kuchagua, Innovate MTX-L na AEM X-Series. Zote zina sura ya milimita 52 na zinajulikana kwa wanaoseti magari. Kilichonipeleka AEM ni jambo moja: Innovate inataka sensa ifunguliwe na kupimwa kwenye hewa safi mara kwa mara ili ijiweke sawa, AEM haidai hivyo. Kwa mtu mwenye gereji yake hilo ni dogo. Kwa mimi ninayelala chini ya gari uani, kufungua sensa iliyoshikwa na kutu ni siku nzima. Shemeji yangu aliniletea kutoka Dubai, ikiwa na sensa ya Bosch LSU 4.9. Angalieni hiyo 4.9. Geji za zamani zilitumia 4.2, ambayo hutegemea hewa ya nje kwa kulinganisha, hivyo moshi au mafuta karibu na waya wake vinaweza kuipotosha. 4.9 haitegemei hewa hiyo. Na msikate kile kiunganishi cha sensa kurefusha waya, hata fundi akisema atachomelea vizuri. Ndani yake kuna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo moja. Ukiikata umetupa vipimo vyake.

Kufunga ndiko kulikonitesa. Gereji niliyoipelekea ilitoboa bomba la ekzosi upande wa chini kabisa, sensa ikawa inaning'inia ikitazama juu. Nikafurahi kwamba haionekani. Unyevu wa asubuhi unashuka na kutuama hapo hapo, na ndani ya sensa kuna hita inayofika nyuzi joto 780 hivi. Tone la maji likigusa seramiki yenye joto hilo, inapasuka. Yangu ilikufa ndani ya wiki sita. Ya pili nilisimamia mwenyewe: nati ya kuchomelea yenye hesi ya milimita 18, juu ya bomba, kati ya namba 10 na namba 2 ukilichukulia bomba kama uso wa saa ya ukutani na 12 ikiwa juu, baada ya turbo lakini kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi cha ekzosi. Isikae karibu mno na turbo, joto la pale ni kali. Sentimita 60 au zaidi ni salama. Jambo jingine: usiwashe injini sensa ikiwa ndani ya bomba bila umeme. Masizi yanaiziba. Na mwambieni fundi asipake silikoni kwenye gasketi za ekzosi, kwa sababu mvuke wake unaiua sensa.

Basi nikawasha gari. Silensa inasoma 17, wakati mwingine 18, ambako ndiko mwisho wa geji. Fundi akasema gari haina mafuta ya kutosha, tuongeze. Namshukuru Mungu nilikataa, maana nilikuwa nimeona kitu: nikiendesha kwa kasi na kukanyaga, namba ilirudi karibu na inapotakiwa. Kama mafuta yangekuwa machache kweli, basi kwenye mzigo ndiko pangekuwa pabaya zaidi. Ubaya ulikuwa kwenye silensa peke yake. Hiyo ni tabia ya ekzosi inayovuja. Geji haipimi mafuta, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Moshi ukiwa kidogo, mapigo ya ekzosi yanavuta hewa ya nje kupitia ufa, na hewa ya nje ina oksijeni karibu asilimia 21. Moshi ukiwa mwingi, ile hewa kidogo inamezwa.

Tuliziba ekzosi kwa nyuma kwa tambara, tukapuliza hewa ya kompresa, tukapaka povu la sabuni. Povu lilichemka kwenye gasketi ya lile bomba linalopanda kwenda kwenye turbo. Gasketi mpya, silensa ikasoma 14.6 hadi 14.8. Kama tungeongeza mafuta siku ile, gari ingekuwa inakunywa kupita kiasi na tatizo lingebaki.

Koili au plagi inayomisi huleta kisa hicho hicho. Silinda isiyowaka hutoa petroli na oksijeni yake yote bila kuchomwa, geji inaona oksijeni tu, inakuambia mafuta hayatoshi. Nilizipima koili zote nne kabla ya kuamini namba yoyote.

Kulikuwa na tatizo la tatu, la waya. Geji ilisema 11.5, kompyuta ya fundi wa kuseti ikasoma 12 kutoka kwenye waya wa geji hiyo hiyo. Waya huo wa AEM hutoa volti 0.5 kwa 8.5 na volti 4.5 kwa 18, kwa hiyo volti 0.2 tu zikiongezeka, namba inahama karibu 0.5. Ethi ya geji, yaani waya wake hasi, ilikuwa imefungwa kwenye skrubu ya dashibodi. Tukaihamishia pale inapokaa ethi ya kontrol boksi, zikalingana, hata taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa.

Nikarudi Kitonga nikiwa na geji ninayoiamini. Nilisimama Ruaha Mbuyuni, nikanunua vitunguu vya mama kama kawaida, nikaanza kupanda gia ya tatu. Turbo ilipoingia namba ilianza 11.4. Baada ya sekunde tano, 12.1. Kisha 12.8, kisha 13.3, na hapo gari likashikwa. Nikaachia mafuta mara moja. Geji ikaruka hadi mwisho wake, na hilo msiogope: ukiachia mafuta kwenye mwendo, kontrol boksi inakata nozeli, bomba linajaa hewa tupu.

Namba iliyoanza vizuri kisha ikapanda polepole ni mafuta kushindwa kufika kwa wingi unaotakiwa. Filta ya mafuta ilitoka na uchafu mweusi kama tope. Tulipima presha ya pampu ikiwa kwenye mzigo, ikawa inashuka. Nikabadilisha vyote viwili.

Hadi leo nina miezi minane na sensa ile ya pili. Ikifa nitanunua Bosch yenye namba 0 258 017 025 kwa muuzaji ninayemwamini, kwa sababu za bandia zipo na zinafanana sana na halisi. Ninachokilalamikia kwenye geji yenyewe ni mwanga wake, unachoma macho safari za usiku. Mwezi uliopita nilipanda Kitonga nyuma ya lori, nikalipita penye nafasi, turbo ikiwa imejaa. Namba ilikaa 11.2 na ikabaki 11.2 hadi juu.