Lashi lifti yangu ya Himbi, na maskara tatu nilipakaa nyuma yake

Nianze na bei juu njo kitu kila mutu ananiulizaka: dola 20, lashi lifti (ile kazi ya kusimamisha kope zako mwenyewe na dawa) na rangi pamoja, ku salo moja kule Himbi, hapa Goma. Jina ya salo sitaandika, juu kuna fasi nitabasema vibaya na kuna fasi nitabasifu, na yule binti ananifanyiaka kazi sitaki akose bakiliya juu yangu.

Sasa, kope zangu mimi, ile bale ba Kifaransa banaitaka masili, zilizaliwa zikiangalia chini. Siyo fupi, hapana, ziko ndefu vizuri lakini zinashuka sawa majani ya ndizi kisha mvua. Napakaa maskara asubuhi, kufika saa sita imeshagusa chini ya jicho, foto zote niko sawa mutu hajalala. Kope za kubandika nilijaribu mara mbili na nikachoka, juu hapa Goma unapanda moto (pikipiki) kutoka Katindo mpaka Birere vumbi ya makoro, yale mawe ya volkano, yote inaingia mule ndani, unasikia jicho nzito, na asubuhi unakuta tatu ziko juu ya muto. Kwa hiyo waliponiambia kuna kitu inasimamisha kope zako mwenyewe bila kubandika ata moja nikasema nipeleke makuta yangu.

Kazi yenyewe ilichukua saa moja na kitu. Nalala chali, anasafisha kope, anafunika zile za chini na ka plasta laini, kisha anabandika juu ya kifuniko cha jicho kipande ya silikoni imepinda sawa ukucha. Iko ya saizi mbalimbali, ndogo inakunja sana, kubwa inakunja kidogo tu. Alafu njo kazi sasa: anaweka kole (gundi) kidogo, anachukua ka kijiti, anaanza kulalisha kope moja moja juu ya ile silikoni, moja moja nakuambia, zisipishane, juu vile kope imelala pale njo vile itabakia wiki 6 mpaka 8. Nilikuwa nasikia pumzi yake juu ya paji la uso wangu. Mikono yake myepesi, ata jicho halikutoka machozi. Kuna moja ilikuwa inakataa, inaruka, akairudisha mara nne na akacheka peke yake, "hii moja yaya iko na kichwa nguvu."

Kisha dawa ya kwanza. Harufu, kama ulishafanyaka permanente ku nyele utaijua tu, juu ni kemia ile ile, ni asidi inaitwa tiogliko, inafungua bile bifungo bya salfa biko ndani ya nywele, nywele inakuwa laini inakubali umbo ya silikoni, kisha dawa ya pili inakuya kufunga tena. Dawa haipakwi mpaka ku ncha, ni kuanzia chini mpaka katikati, juu ncha ni nyembamba inaungua. Na haiachwi muda mrefu, kwangu ilikuwa dakika 9, kope nyembamba zinachukuaka chini ya hapo. Binti aliweka alarmi ku telefone na ilipolia alikuwa tayari amesimama na pamba mu mukono. Hiyo nilimupendea sana, juu nimeshaona salo fasi mutu anapakaa dawa anaenda kupokea telefone inje.

Nilipofungua macho mu kioo, banadada. Kope zilikuwa zimefika karibu ya nyusi. Bila kitu ata kimoja ya makiaji nilikuwa naonekana sawa nimelala masaa kumi.

Sasa mabaya. Ya kwanza, hakuna mutu alinifanyia tesiti ya ngozi. Ilipaswa mbele, siku moja ao mbili, kuweka ka tone nyuma ya sikio ao mu kiwiko na kungojea, zaidi sana kwa ile rangi juu rangi ya kope inaletaka aleji mbaya na hapo ni jicho, siyo mukono. Mimi sikupata kitu lakini ni bahati, siyo kazi yao. Ya pili, maelezo. Nililipa, nikavaa viatu, binti anasema "yaya, leo usiguse maji." Nikamuuliza na maskara? "Kesho unaweza." Basi. Njo kila kitu nilipewa.

Na kesho yake ilikuwa dote (sherehe ya mahari) ya muzala wangu, kule Keshero.

Nilitoka salo saa kumi ya mangaribi, kesho yake saa sita ya muchana nilikuwa mbele ya kioo. Hesabu mwenyewe, ni masaa 20. Bengi banasemaka ungojee 24, bengine banasema 48 kama unataka kupakaa maskara, juu ile siku ya kwanza kope bado zinajipanga, maji na mvuke na kitu nzito bitaziangusha. Mimi sikujua. Na nikafikiri akili yangu nzuri: ku dote nitalia, ku moto kutakuwa vumbi, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mulima Nyiragongo, basi nipakae maskara wotapurufu, ile maji haitoi. Ile nilinunua Birere, franga 5000, jina yake naiacha. Nikapakaa mbili, mara mbili juu ya mbili.

Masaa matatu ya kwanza nilikuwa malkia, sitasema bongo. Tantini mmoja alinishika kidevu akaniuliza, "mwanangu, haya macho umeyanunua wapi?" Mangaribi ile maskara ikaanza kukauka. Kope zikashikana ncha kwa ncha, nne nne, ukifunga jicho unasikia zinakuchoma. Nikafika nyumbani, umeme hakuna. Maji ilikuwa inateleza juu ya ile maskara sawa juu ya mugongo ya bata. Sasa niwazie: telefone imeegemea gilasi, tochi inanipiga mu jicho, Vaseline mu kidole, pamba mu mukono ingine, na mimi nasugua, nasugua, kulia na kushoto, juu nilikuwa nimechoka na nilitaka kulala. Pamba ya tano njo ilitoka nyeupe. Asubuhi jicho la kuume ilikuwa sawa. La kushoto, kope sita za kona ya inje zilikuwa zimelala pembeni, mbili zimepishana sawa mikasi, ziko zinaangalia upande ya muji wa Sake.

Nilirudi salo nimekasirika, nataka arudilie bure. Binti akaangalia na lupe, akakataa. Akaniambia, "yaya, nikirudisha dawa leo zitakatika, ungojee zikomae, wiki 6 ao 8." Nikanuna. Lakini alikuwa na haki, na hapo njo nilimurudishia heshima yangu, juu ingekuwa ingine ambaye anatafuta makuta tu angepakaa. Alinipatia ka brosi safi, bure, ya kuchana kope kila asubuhi zikiwa na unyevu kidogo, ukisukuma kuenda juu. Zile sita hazikunyooka kabisa lakini zilikubali kufwata zingine.

Basi nikaanza kujaribu. Na hapa nataka kusema kitu bengine batanikatalia: banasemaka mafuta inaua lashi lifti. Mi siamini sana. Mafuta inafungua kole, ni kweli, na kwa kope za kubandika hiyo ni kifo. Lakini mimi sina kole, kitu inashika kope zangu iko ndani ya nywele yenyewe na Vaseline haifungui kemia. Nadhani ile onyo ilitoka kwa bale ba kubandika ikahamia kwetu. Kitu iliniaribia ni kusugua, na masaa 20 pa fasi ya 48. Lakini mwisho ni ule ule, juu wotapurufu haitoki bila mafuta, na mafuta mu jicho haitoki bila kusugua, na ukisugua kila siku kope zitashuka ata kama hukufanya lifti. Kuijua ni rahisi: geuza boksi, soma orodha ya bintu biko ndani. Ikianza na isododekani na nta, ni wotapurufu ata kama mbele haijaandikwa. Ikianza na akua, ni ile ya maji. Wotapurufu yangu napea 1 juu ya 10, na ile 1 ni ya tantini.

Ya pili ilikuwa maskara ya kawaida ya maji, nilikuwa nayo mu nyumba. Inatoka na sabuni laini bila vita, hiyo ni nzuri. Shida, ilikuwa ya volime (ya kunenepesha kope), nzito, na kope zimesimama zinabeba ile uzito siku nzima, kufika saa tisa naona zimeanza kuinama. Na vumbi. Maskara nyepesi ikiwa bado na unyevu, motari anakata kona, vumbi inakuya kubandama mule, nyeusi yako inakuwa ya majivu. Nilijifunza kuvaa kaske ya vioo ao kungojea dakika 5 mbele ya kutoka. 6 juu ya 10, na kama utaipata isiyo ya volime ongeza moja.

Ya tatu njo nataka kila mutu aijue. Banaiita maskara ya tubi. Mwenzangu aliniletea kutoka Kigali, dola 14, na nilimulaumu ile bei mpaka nilipoivaa. Haina ile nta nyingi ya kuyeyuka, iko na polima zinazunguka kila kope zinakauka sawa ka soksi. Jasho, machozi, mvua ya manyunyu, haitiririki, haichafui chini ya jicho. Na kuitoa: maji ya vuguvugu tu. Mimi natoa mu termosi, nachanganya na ya baridi mpaka kidole kinasema sawa, nalowanisha pamba, naiweka juu ya jicho imefungwa nahesabu mpaka 30, kisha navuta chini taratibu. Zinatoka nzima nzima, tubi ndogo nyeusi juu ya pamba, sawa miguu ya sisimizi. Mara ya kwanza nilipiga kelele juu nilifikiri ni kope zangu. Mudogo wangu akakuya mbio. Naipakaa ku ncha tu, mara moja, sigusi chini kabisa, juu kukunja kwenyewe lifti ilishafanya, kitu inakosa ni weusi tu. 9 juu ya 10, ile 1 imekufa ku bei.

Kuna bintu bengine bidogo hakuna mutu aliniambia. Kope zikisimama, ngozi ya pale zinaanzia inaonekana, ka mstari keupe, na bila kitu pale jicho linakuwa uchi. Kreyo nyeusi kidogo chini ya zile kope, katikati ya mizizi, inamaliza. Ailaina ya jeli wotapurufu hapana, tunarudi kule kule kwa kusugua. Fardi ya macho, ile rangi ya unga ya kifuniko, pakaa mbele ya maskara, siyo nyuma, juu unga unaanguka juu ya kope, na juu kope sasa zinagusa kifuniko, ukipakaa maskara na kuangalia juu haraka unajichapa nukta nyeusi chini ya nyusi. Nilienda kazini na nukta kumi na moja siku moja, hakuna mutu alisema kitu. Ile mashini ya kukunja kope, iweke mu droo. Na wanja ya unga ya soko, ile ya jiwe, mi niliacha, juu zingine za zamani ziko na risasi ndani, risasi ile madini, siyo ile tunajua hapa.

Kutoa makiaji ingine, nachukua maji ya miseli isiyo na mafuta. Chupa yenye rangi mbili ndani, unatikisa mbele ya kutumia, ile iko na mafuta, iache kwa midomo.

Leo niko mu wiki ya 7. Kope za zamani zinaanguka kidogo kidogo, mpya zinatoka zimenyooka, kwa hiyo niko na bale ba juu na bale ba chini ku jicho moja, haipendezi. Salo kwa ujumla napea 7: mikono 10, usafi 8, maelezo 2, tesiti hakuna. Nimeshachukua randevu ya juma mbili kuya, siku ya kazi, hakuna dote, hakuna harusi, hakuna kitu mu siku tatu zinafwata. Nimemuambia binti anifanyie tesiti nyuma ya sikio Jumatatu, akasema "sawa yaya," na aniwekee silikoni ya saizi ya kati, juu ile ndogo ilinifanya wiki nzima batu banauliza nani alinishtusha.