Lesi nzito ya gauni: ipi ya kununua kwanza

Ukiulizia lesi ya gauni la harusi, muuzaji ataanza kukuonyesha rangi. Wewe geuza kitambaa, tazama mgongoni. Gipyuri, ile lesi nzito, haina neti: maua yake yameshikana kwa vijiti vya uzi tu. Ingiza kidole kwenye tundu, vuta taratibu. Kijiti kilichozungushiwa uzi vizuri kitatulia. Kilicholegea kitatoa manyoya hapo hapo. Hicho kiache.

Ya kwanza kwangu ni ya uzi wa pamba. Inalala mwilini na haikereketi kwapani, na harusi zetu ni za kucheza mpaka usiku. Ni ghali, lakini utaivaa miaka. Viwanda vya St. Gallen, Uswisi, na Plauen, Ujerumani, vilianza kutengeneza lesi ya namna hii kwa mashine miaka ya 1880: walidarizi juu ya kitambaa, kisha wakakiyeyusha kwa dawa, zikabaki nyuzi peke yake. Siku hizi nyingi hudariziwa juu ya karatasi laini inayoyeyuka kwa maji. Isipooshwa vizuri, lesi hukakamaa kama ubao. Usiikimbie kwa hilo. Omba kipande kidogo ukaloweke, kikilainika umepata. Pamba hurudi, kwa hiyo iloweke yote kabla fundi hajakata.

Ya pili ni poliesta. Kwa sare za akina shangazi na mama wadogo, nunua hii: bei nafuu, hairudi. Ila ina joto, na pasi kali huiyeyusha. Ukiambiwa ni pamba, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu, poliesta huacha kitone kigumu.

Fedha ikiwa kidogo, chukua pindo la gipyuri la kupimiwa kwa yadi, uliweke kwenye ukosi na mikono ya gauni la satini. Gipyuri ikikatwa kufuata ua haifumuki, hivyo hata vipande hupendeza.

Ya mwisho kabisa ni yenye shanga zilizobandikwa kwa gundi. Nilimnunulia dada yangu. Kabla ya keki kukatwa, shanga zilikuwa sakafuni, naye anazificha kwa kiatu. Iliniuma.

Yoyote utakayochukua, ongeza yadi moja. Fundi mzuri haungi ubavuni kwa mshono wa kawaida. Hulaza ua juu ya ua, akashona kwa mkono. Bitana iwe ya pamba, na pasi ipite upande wa nyuma, juu ya taulo, maua yasilale.