TAHADHARI kwa mnaotafuta mashamba Mkuranga: kuna dalali anauza mashamba yenye wenyewe

Ndugu zangu, ile pesa ya kiinua mgongo cha Mama imekwenda. Shilingi milioni 7 na laki 2 za ekari sita, na juu yake laki 7 na elfu 20 tulizoambiwa ni asilimia 10 ya kijiji. Shamba lina mwenyewe. Aliyetuuzia yuko mtaani na anapokea simu za wateja wengine kama kawaida.

Siku ya malipo tulifika asubuhi, umande haujakauka. Dalali alikuwa ametangulia. Akatuzungusha mipaka yote: huku minyaa ya bondeni, kule mnazi uliokatika kichwa karibu na njia. Tukapima kwa hatua, 70 kwa 70 kila ekari, yeye mwenyewe akihesabu kwa sauti. Upande mmoja hesabu ilipotupotea akasema turudie, Mama asije akapunjwa. Jamani, mtu anayekuja kukuibia anakurudisha mwanzo wa mpaka ili usipunjwe!

Kutoka hapo akatupeleka kwenye nyumba ya bati jipya, tukakaribishwa mkekani, chai ikaletwa. Mzee mmoja wa kanzu akatambulishwa kuwa ndiye mwenye shamba. Akasema asingeuza ardhi ya marehemu baba yake ila mjukuu anasubiri kufanyiwa upasuaji. Akalia. Mama naye akalia. Ndipo akaingia mwanaume wa makamo na faili la kijani kwapani, "mwenyekiti wa kijiji". Wakaja na "majirani" wanne, wawili wakaweka dole gumba. Mhuri ulitoka kwenye mfuko wa rambo, akaupulizia pumzi, akaugonga juu ya sahihi. Risiti ya kijiji? Kitabu kimekwisha, mtaipata wiki ijayo. Ikasomwa dua, watu wakaitikia amina, na Mama akafungua pochi akaanza kuhesabu noti mbele yao. Kila nikikumbuka mikono yake ikihesabu zile noti nashindwa kulala.

Na asije mtu hapa kutuambia tulikuwa na tamaa ya bei rahisi. Bei ilikuwa ya kawaida kwa upande ule. Huyu dalali tuliletewa na jirani yetu wa miaka mingi pale Mbagala. Hakudai hela ya kuonyeshwa shamba, ambayo madalali karibu wote huitaka, na nauli alijilipia. Tulipouliza habari ya hati hakubabaika hata kidogo. Alieleza kwamba ardhi ya kijiji haiendi kama kiwanja cha mjini, kwamba wanakijiji wengi wanamiliki kimila na hawana karatasi yoyote, wanajuana kwa mipaka na majirani. Na hilo ni kweli! Mtu akikwambia jambo la kweli unaloweza kumuuliza yeyote akalithibitisha, utamshuku kwa lipi?

Tumejua siku vijana walipoanza kusafisha. Bibi mmoja alikuja mbio na wajukuu wake akipiga kelele: nani kawatuma kukata mikorosho yangu? Walikuwa wameshaangusha miwili, yenye maua. Mkorosho unaulea miaka mitatu hivi ndiyo uanze kukupa kitu. Yule bibi anauza korosho zake kupitia chama cha msingi, ndizo ada na sare za wajukuu, na mihogo iliyo katikati ya miti ndicho chakula chao. Akaenda ndani akarudi na hati ya hakimiliki ya kimila, jina lake, ramani ya shamba, kila kitu. Mzee wa kanzu hamjui. "Majirani" hakuna hata mmoja anayepakana naye.

Ofisi ya kijiji tulikuta mwenyekiti mwingine kabisa, na mhuri wao haufanani na ule. Mtendaji akatueleza kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na mauziano ambayo halmashauri haikuyaridhia hayana nguvu. Karatasi yetu haina thamani yoyote.

Kituo cha polisi nako tukaambiwa huu ni mgogoro wa ardhi, nendeni baraza la ardhi. Mgogoro wa nani na nani? Mimi na yule bibi hatugombei chochote, shamba ni lake na nimemwambia hivyo mbele ya watu. Huu ni wizi! Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 7. Kughushi ni kosa jingine. Nataka wafungwe wote: dalali, mzee wa machozi ya uongo, mwenye faili la kijani na wale walioweka dole gumba kwa ujira. Wafilisiwe, bibi alipwe mikorosho yake, Mama arudishiwe pesa yake yote. Na majina yao yabandikwe kwenye ofisi za vijiji vyote vya wilaya ile, maana nasikia walishafanya hivi upande wa Kisarawe.

Kwa anayetaka kununua: usilipe nyumbani kwa mtu, lipa ofisi ya kijiji na uondoke na risiti. Dai muhtasari wa kikao cha halmashauri kilichoridhia. Majirani watafute mwenyewe, usiletewe. Mke wa muuzaji awepo, wetu hatukumwona mke wala mtoto. Na huyu dalali alikuwa akisisitiza sana tusipite ofisini kwanza, eti watatuzungusha na bei itapanda. Ukisikia maneno hayo, ondoka.

Kama una karatasi ya mauziano ya Mkuranga iliyogongwa mhuri nyumbani kwa mtu, nitumie ujumbe leo. Yule bibi amekubali kutoa ushahidi. Tukiwa wengi tunakwenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa pamoja, na safari hii hatutoki bila namba ya jalada.