Mche wa bronzi SAE 660: mzuri kwa bushi, ila pima uzito kabla ya kulipa

Kwa bushi za kawaida (vipande vya mviringo vyenye tundu ambamo shafti au pini huzunguka), kama za pini za tela, pampu na mashine za mwendo mdogo, bronzi ya SAE 660 ndiyo ya kuanza nayo. Ni shaba 83%, bati 7%, risasi 7% na zinki 3%. Kazi kubwa inafanywa na risasi: haichanganyiki na shaba, inabaki ndani kama vitone, na grisi ikipungua inajipaka kwenye shafti. Chembe ya mchanga ikipenya, inazama kwenye bronzi badala ya kukwaruza chuma. Ugumu wake ni kama 65 tu kwa kipimo cha Brinell, hivyo shafti ya chuma laini inaelewana nayo.

Wengi hukimbilia iliyo ngumu zaidi, na hapo ndipo shafti zinapoliwa. PB1, bronzi ya fosforasi, inabeba mzigo mkubwa, lakini inadai shafti iliyogumishwa na mafuta yasiyokatika. AB2, bronzi yenye alumini, nikeli na chuma, ni ya propela na maji ya bahari. Kwenye pini yenye vumbi ni balaa. Brasi ya kawaida (shaba na zinki) baharini hupoteza zinki na kubaki na vinyweleo.

Kukereza ni raha: chenga fupi, kisu hakichoki. Kosa la kila siku ni kumaliza tundu kabla ya kuingiza bushi kwa presi. Bushi ya kipenyo cha nje milimita 60 ikibanwa kwa milimita 0.04, tundu nalo hujifunga karibu kiasi hicho. Kama uliacha nafasi ya 0.05, imebaki 0.01, na shafti itanasa ikipata joto. Acha nyama ya kukereza ya milimita 0.2, ingiza bushi, ndipo utoboe hadi 50.05–50.08 kwa shafti ya 50.

Usiichomelee, risasi huifanya ipasuke. Usiitumie kwenye maji ya kunywa, wala penye joto la kupita nyuzi 230. Chagua iliyomiminwa mfululizo. Iliyomiminwa kwenye ukungu wa mchanga mara nyingi huficha matundu ambayo utayaona tayari umeshakereza nusu.

Dukani, brasi huuzwa kwa jina la bronzi. Kata kipande cha kipenyo milimita 50, urefu milimita 100, ukiweke kwenye mizani: SAE 660 ni kama kilo 1.75, brasi 1.66, AB2 1.49. Sumaku haitakusaidia kutofautisha brasi na hii.