Joe Sacco na mchoro wa mita saba: tumeutandika barazani Mtwara

Karibuni tena, wapenzi wa chaneli, leo tuko hapahapa Shangani, Mtwara. Najua mnasubiri tuichambue ile simu, nimeona meseji zenu, inakuja, tulieni. Leo ni katuni. Usiondoke! Subiri uone kwanza.

Kitabu kinaitwa The Great War, kazi ya mchora katuni Joe Sacco, kilitoka 2013. Mambo ya jalada na uzito nayaruka. Dogo, shika ncha hiyo. Rudi nyuma. Rudi. Umefika ukutani? Fungua mlango, toka barazani, endelea. Mnaona? Mchoro mmoja usiokatika, mita saba na ushee! Panga kanga tano kwa urefu ndiyo uufikie. Hakuna fremu, hakuna neno hata moja.

Ni siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916, vita vya Somme, Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kamera ije huku kushoto. Huyu Jenerali Haig, mkuu wa jeshi la Waingereza, yuko kwenye kasri lake, anatembea zake, anapanda farasi. Sogea. Mizinga, marundo ya makombora. Wiki nzima kabla ya hapo Waingereza walishapiga kama milioni moja na nusu. Sogea tena, taratibu, usikanyage! Hapa saa moja na nusu asubuhi, wanatoka kwenye mahandaki. Angalia huyu mdogo, ukubwa wa punje ya mchele, ana mkao wake mwenyewe, hafanani na jirani yake. Wote wamechorwa kwa mkono. Siku hiyo Waingereza waliouawa, kujeruhiwa na kupotea ni kama 57,000, waliokufa karibu 20,000. Ukifika kulia kabisa, majeruhi, halafu watu wanachimba makaburi. Mwendo wote huo umeutembea kwa miguu yako, ndiyo ninachokipenda. Skrini haikupi hicho.

Kinachonikera: kukikunja. Acheni tu.

Sacco mwenyewe ni nani? Mzaliwa wa Malta, 1960, akakulia Australia, akahamia Marekani akiwa na miaka 12. Alisomea uandishi wa habari Oregon, akamaliza 1981, kazi ya maana hakuipata. Akarudi Malta, akaandika vitabu vya kuongoza watalii, na akachora katuni za mapenzi kwa Kimalta! Sisi tuliokua na Sani na Ndumilakuwili tunaelewa raha ya katuni kuongea lugha ya nyumbani. Baadaye akaenda Ukingo wa Magharibi na Gaza, akakaa na watu, akanywa chai nyingi mno, akatoa katuni yake, Palestine, kwa matoleo tisa, 1993 hadi 1995. Mwanzoni hayakuuzika. Mwaka 1996 yakapata tuzo ya American Book Award. Kisha Bosnia, Safe Area Goražde, 2000. Humo anajichora mwenyewe, miwani mieupe, macho huyaoni. Mtu wa maneno mengi yule, kurasa zimejaa mahojiano, ndiyo maana kunyamaza kwake kwenye The Great War kunanishangaza.

Kuna mwenzake, Chris Ware, 2012 alitoa boksi la Building Stories, vipande 14 vya kusoma kwa mpangilio unaoutaka. Zuri, ila kwa nyumba yenye watoto, kipande kimoja kipotee uanze kulia.

Bei? Ukiongeza usafirishaji, subiri msimu wa korosho. Kwa mtu anayetaka hadithi ya kusoma, sikushauri, chukua Palestine. Anayechora, anayechonga, achukue hiki. Mafundi wa Kimakonde wa hapa kwetu wanaopanda watu juu ya watu kwenye gogo moja la mpingo, wao wataona haraka alichokifanya Sacco.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Vita hivyohivyo vilifika kwetu. Mahiwa, mkoa wa Lindi, Oktoba 1917, siku nne: askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande mmoja, Wanaijeria kwenye jeshi la Mwingereza upande wa pili, na Mwingereza akapoteza zaidi ya nusu ya watu aliowaingiza. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, nani kawachorea mita saba? Hata mita moja! Mchoraji uliye Lindi, Masasi, Newala, ukianza kazi hiyo nitafute, chaneli itakutangaza bure. Wiki ijayo, tukijaaliwa, tunakwenda Mahiwa na kamera.

Bonyezeni kengele, mjiunge. Na mnaotaka kuja kukiona, karibuni, ila mnawe mikono kwanza. Najua mnavyokula pweza huko nje.